Amana ya kura: Je, Muislamu anaweza kumwondoa kiongozi wa mtaa aliyemchagua mwenyewe?

Sifa njema zote anastahiki Mwenyezi Mungu (SW), Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), Aali zake, Masahaba wake na kila anayefuata nyayo zao kwa wema hadi siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu katika imani, miongoni mwa maswali yanayoulizwa baada ya Swala katika misikiti yetu ya Upanga, Kisutu na Kariakoo, lipo moja ambalo huulizwa kwa sauti ya chini. Muulizaji hutazama kwanza kulia na kushoto, kisha husema: Sheikh, majirani wanapitisha karatasi ya kutia saini, wanataka mkutano wa mtaa uitishwe ili mwenyekiti wetu akataliwe. Wanasema barua za utambulisho zinauzwa, mapato na matumizi hayasomwi, maji machafu yanatiririka mbele ya nyumba zetu naye hasemi neno. Je, nikitia saini nitakuwa nimesengenya? Nitakuwa nimewasha fitina? Na nisipotia, nitakuwa nimeficha ushahidi?

Swali hili si dogo, wala si la siasa peke yake. Mwenye kuuliza anaogopa mambo mawili kwa pamoja: anaogopa kudhulumu na anaogopa kunyamazia dhulma. Hofu zote mbili ni za mcha Mungu, na dini yetu ina majibu kwa kila moja. Leo, kwa uwezo wa Mwenyezi Mungu, tuliangalie jambo hili kwa mizani ya Qur'ani na Sunna, kisha tuangalie sheria za nchi yetu zinasemaje, kwa sababu Muislamu wa Upanga anaishi chini ya zote mbili.

Uongozi ni amana

Mwenyezi Mungu (SW) katika Suratun Nisaa, aya ya 58, anatuamrisha tuzirudishe amana kwa wanaozistahiki, na tunapohukumu baina ya watu tuhukumu kwa uadilifu. Wafasiri wengi wameeleza kuwa aya hii inawahusu pia watawala, kwani cheo ni katika amana kubwa kabisa. Anayechagua anatoa amana, na anayechaguliwa anaipokea.

Tena Mtume (SAW) alimkataza Sahaba wake mpenzi Abu Dharr (RA) asiombe uongozi. Katika Hadithi iliyopokewa na Imam Muslim, alimweleza kuwa yeye ni dhaifu, na kwamba uongozi ni amana, nao siku ya Kiyama utakuwa fedheha na majuto, isipokuwa kwa aliyeuchukua kwa haki yake na akatekeleza wajibu uliomo ndani yake. Tuangalie vizuri hapa. Abu Dharr hakuwa mwizi wala mwongo. Ukweli wake ulikuwa mashuhuri miongoni mwa Masahaba. Lakini ukweli peke yake haukutosha, kwa sababu kazi ya kuongoza watu inadai na nguvu.

Ndiyo maana katika Suratul Qasas, aya ya 26, yule binti wa mzee wa Madyan alipompendekeza Nabii Musa (AS) kwa baba yake, alimtaja kwa sifa mbili: nguvu na uaminifu. Sifa hizi mbili ndizo mizani. Anayekosa uaminifu atakula mali ya watu. Anayekosa nguvu ataiacha iliwe mbele ya macho yake. Wote wawili hawafai kubaki katika kiti, ingawa wa kwanza ana dhambi na wa pili huenda hana.

Kisa cha Kufa

Katika Sahihi ya Imam Bukhari, Sahaba Jabir bin Samura (RA) anasimulia kisa ambacho kila mpiga kura wa Kiislamu anapaswa kukijua, na kila diwani akisome kabla hajalala.

Saad bin Abi Waqqas (RA) alikuwa gavana wa mji wa Kufa, huko Iraki. Huyu ni mmoja wa Masahaba kumi waliobashiriwa Pepo. Ndiye aliyeongoza jeshi la Waislamu katika vita vya Qadisiyya, na mji wenyewe wa Kufa ulijengwa chini ya usimamizi wake. Pamoja na yote hayo, wakazi wa Kufa walikwenda kumshitaki kwa Sayyidna Umar bin Khattab (RA). Walimlalamikia mpaka wakafika kusema kwamba hata kuswalisha hajui!

Umar alifanya nini? Hakuwafukuza walalamikaji kwa kuwa wamemgusa mtu mkubwa. Alimwondoa Saad katika nafasi ile na kumweka Ammar bin Yasir (RA). Kisha akamwita Saad na kumuuliza kwa heshima juu ya yale yanayosemwa. Saad akaeleza kuwa anawaswalisha kama alivyoswalisha Mtume (SAW), anarefusha rakaa mbili za mwanzo na kufupisha mbili za mwisho. Umar akamjibu kwamba hivyo ndivyo alivyomdhania.

Lakini hakuishia katika dhana yake nzuri. Alituma watu waende naye Kufa, wakapita msikiti baada ya msikiti kuuliza, bila ya kuacha hata mmoja. Kila walipouliza, watu walimsifu Saad kwa wema, mpaka wakafika msikiti wa Bani Abs. Hapo akasimama mtu mmoja aitwaye Usama bin Qatada, akatoa mashitaka matatu: kwamba Saad hatoki pamoja na jeshi, hagawi kwa usawa na hahukumu kwa uadilifu. Saad akamwomba Mwenyezi Mungu kwamba ikiwa mtu yule amesimama kwa uongo na kutafuta sifa, basi amrefushie umri, amrefushie ufukara na amtie katika mitihani. Dua ikajibiwa. Mtu yule alizeeka hata nyusi zikamwangukia machoni, akawa anahangaika na wasichana njiani, na akiulizwa hali yake husema kwamba amepatwa na dua ya Saad.

Kisa hakijakwisha. Miaka ilipita, na Umar alipochomwa jambia akiwa karibu na mauti, aliwataja watu sita washauriane juu ya Khalifa atakayemfuata. Saad alikuwa mmoja wao. Umar akaongeza kwa kueleza kuwa uongozi ukimfikia Saad ni sawa, na usipomfikia basi atakayetawala amtumie msaada wake, kwani hakumwondoa Kufa kwa sababu ya udhaifu wala khiyana.

Udhaifu na khiyana! Ni ile ile mizani ya Suratul Qasas, imegeuzwa upande wa pili. Nguvu na uaminifu ndizo sifa za kumweka mtu, na udhaifu na khiyana ndizo sababu za kumwondoa.

Mafunzo tunayoyapata

Funzo la kwanza: malalamiko ya watu wa kawaida dhidi ya kiongozi ni jambo la kusikilizwa, hata kama kiongozi huyo ana historia njema. Funzo la pili: kumwondoa mtu katika nafasi si sawa na kumhukumu kuwa mwovu. Sisi Watanzania tunalijua vizuri neno la kusimamishwa kupisha uchunguzi, na hapa tunaona kuwa mwenendo huo una mfano katika historia ya Makhalifa waongofu. Funzo la tatu: uchunguzi hufanywa kwa watu wenyewe, pale wanapoishi na wanaposwali. Funzo la nne: anayesimama mbele ya umma akatoa ushahidi wa uongo anajitafutia maangamizi yake. Funzo la tano, nalo husahauliwa sana: aliyeondolewa bila ya hatia ana haki ya kusafishwa jina lake hadharani, tena na yule yule aliyemwondoa.

Imamu asiyetakiwa na maamuma

Yupo anayeweza kusema kwamba zile zilikuwa zama za Makhalifa, na gavana aliwekwa na Khalifa, hakupigiwa kura na watu. Ni kweli. Basi tutazame mfano ulio karibu zaidi, uongozi ambao kila Muislamu anauona mara tano kwa siku.

Imam Tirmidhi amepokea Hadithi inayowataja watu watatu ambao Swala zao hazivuki masikio yao, na mmoja wao ni imamu anayewaswalisha watu ilhali wanamchukia. Wanazuoni hawakuiacha Hadithi hii ielee hewani ili kila mwenye kinyongo aitumie, bali waliiwekea masharti. Wakasema chuki inayozingatiwa ni ile yenye sababu katika dini au uadilifu. Ama imamu anayechukiwa kwa kuwa anasimamia Sunna, basi dhambi ni ya wanaomchukia. Na Imam Ahmad na Is'haq wamenukuliwa na Tirmidhi wakieleza kwamba akichukiwa na mmoja, wawili au watatu, hakuna ubaya kuendelea kuwaswalisha, mpaka wawe ni wengi wa watu.

Ndugu Muislamu, hapa tumepewa kanuni mbili katika maneno machache: sababu iwe ya haki, na wanaokataa wawe wengi. Ikiwa hayo yanazingatiwa kwa anayetutangulia katika rakaa nne za Adhuhuri, vipi kwa anayeshika muhuri wa mtaa kwa miaka mitano?

Sheria ya nchi yetu inasemaje?

Upanga ina kata mbili, Upanga Mashariki na Upanga Magharibi, na kila kata ina mitaa yake. Mwenyekiti wa mtaa huchaguliwa na wakazi katika uchaguzi wa serikali za mitaa, ambao wa karibuni ulifanyika Novemba 27, 2024. Diwani wa kata huchaguliwa pamoja na Rais na Wabunge katika uchaguzi mkuu. Meya naye huchaguliwa na madiwani wenzake. Kwa hiyo hawa ni viongozi wa aina tatu, na njia za kuwaondoa ni tofauti. Wengi wetu tunazichanganya, na ndiyo maana hasira zetu hupotea bila ya kufika mahali.

Mwenyekiti wa mtaa ndiye aliye karibu zaidi na mkono wa mwananchi. Mkutano wa wakazi wa mtaa ndio uliomweka, na mkutano huo una nafasi ya kumkataa kwa kura kwa kufuata utaratibu uliowekwa. Tofauti na yeye, mtendaji wa mtaa ni mwajiriwa. Huyo hapigiwi kura, bali malalamiko juu yake hupelekwa kwa mkurugenzi wa halmashauri.

Diwani ni habari nyingine. Sheria za Tanzania hazimpi mpiga kura njia ya kumrudisha nyumbani diwani wake kabla ya muda. Diwani anaweza kupoteza kiti kwa kukosa mikutano mitatu mfululizo ya halmashauri bila ya ruhusa, kwa kupoteza uanachama wa chama kilichomsimamisha, au kwa hukumu ya mahakama. Hizo zote ni njia za watu wengine. Aliyepanga foleni tangu alfajiri kumpigia kura hana la kufanya ila kusubiri miaka mitano.

Jambo hili liliwahi kufikiriwa katika ngazi ya juu. Rasimu ya Katiba iliyotolewa na Tume ya Jaji Joseph Warioba mwaka 2013 ilipendekeza wananchi wapewe haki ya kumwondoa mbunge wao. Bunge Maalumu la Katiba lilipopitisha Katiba Inayopendekezwa mwaka 2014, pendekezo hilo halikuwamo. Wenzetu wa Kenya waliiweka haki ya namna hiyo katika Ibara ya 104 ya Katiba yao ya mwaka 2010, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 ikaifikisha kwa wajumbe wa mabaraza ya kaunti. Lakini masharti yaliyofuata yalikuwa mazito, na mwaka 2017 Mahakama Kuu ya Nairobi ikabatilisha sehemu za sheria hizo. Funzo ni kwamba haki inaweza kuandikwa katika Katiba, kisha njia ya kuifikia ikajaa miiba.

Ama meya, huyo madiwani wanaweza kumpigia kura ya kutokuwa na imani, na sheria inadai theluthi mbili. Sisi wa Dar es Salaam tuliliona hilo Januari 2020, pale Meya wa Jiji, Isaya Mwita, alipotangazwa kuondolewa. Upande wake ulipinga kuwa theluthi mbili haikufikiwa, pakawa na mabishano juu ya saini na mahudhurio, na shauri likafika mahakamani. Mwezi Machi mwaka huo huo Meya wa Iringa, Alex Kimbe, naye aliondolewa kwa kura za madiwani. Hatusemi hapa nani alikuwa na haki na nani hakuwa nayo, hiyo si kazi ya ukurasa huu. Tunachosema ni kwamba palipo na shaka juu ya idadi na saini, hata uamuzi wa haki hunuka dhulma. Sheria ya Kiislamu imeweka idadi ya mashahidi katika mambo mazito si kwa kupenda hesabu, bali kwa kulinda heshima za watu.

Zaidi ya hayo, mji huu umewahi kuondolewa viongozi wake kutoka juu. Mwaka 1996 Serikali ililivunja Baraza la Jiji la Dar es Salaam, takataka zikiwa zimejaa mitaani na huduma zimedorora, ikaweka Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja, iliyofanya kazi hadi mwaka 2000. Wazee wa Kariakoo wanaikumbuka Tume hiyo, na wengi wanasema mji ulipata nafuu ya usafi. Februari 2021 Halmashauri ya Jiji ikavunjwa tena, safari hii kwa uamuzi wa Rais John Magufuli, na Manispaa ya Ilala ikapandishwa kuwa Jiji. Maamuzi hayo yalikuwa ya mamlaka. Mkazi wa Upanga aliyapokea kwa redio, kama alivyopokea habari ya mvua.

Je, kumwondoa kiongozi si uasi?

Wapo ndugu wanaohofia kwamba kumkataa kiongozi ni kuingia katika uasi ambao wanazuoni wa Sunna wameukataza. Hofu hii inatokana na kuchanganya mambo mawili.

Uasi waliouzungumzia wanazuoni ni kuvunja ahadi na kuinua silaha au ghasia, kitendo kinachomwaga damu na kuleta ufisadi mkubwa kuliko ule uliotakiwa kuondolewa. Mkutano wa mtaa uliotangazwa na kuendeshwa kwa kanuni, wenye mahudhurio na kura, hauko katika mlango huo. Mwenyezi Mungu mwanzoni mwa Suratul Maida anatuamrisha kutekeleza mikataba, na Mtume (SAW) ametufundisha kuwa Waislamu hushikamana na masharti waliyowekeana. Mwenyekiti alipochukua fomu na kuapa, alikubali kazi pamoja na masharti yake, na sharti mojawapo ni kwamba waliomweka wanaweza kumwondoa. Kwa hiyo kumwondoa kwa njia hiyo ni kutekeleza mkataba. Kinachouvunja ni kumzomea nyumbani kwake, kumfungia ofisi kwa kufuli, au kumzushia jambo katika kundi la WhatsApp la mtaa.

Vilevile kumbukeni hotuba ya kwanza ya Sayyidna Abubakar (RA) alipopewa ukhalifa. Aliwataka watu wamsaidie akifanya vizuri na wamnyooshe akipotoka. Aliyesema hayo ni mbora wa umma huu baada ya Mtume wake.

Na kusengenya je?

Kusengenya ni haramu, na Suratul Hujurat, aya ya 12, imeufananisha usengenyaji na kula nyama ya ndugu aliyekufa. Hata hivyo, katika Suratun Nisaa, aya ya 148, Mwenyezi Mungu ametubainishia kuwa hapendi maneno mabaya ya kutangazwa, akamvua aliyedhulumiwa. Imam Nawawi katika Riyadhus Salihin ameorodhesha hali sita ambazo kumtaja mtu kwa kosa lake kunaruhusiwa, na miongoni mwazo ni aliyedhulumiwa kupeleka shitaka lake kwa mwenye uwezo wa kumpatia haki.

Tuzingatie: kwa mwenye uwezo wa kumpatia haki. Mama anayesema mbele ya mkutano wa mtaa kwamba alidaiwa fedha ili apigiwe muhuri barua ya kumdhamini mwanawe anapeleka shitaka. Mama huyo huyo akiyasema hayo saluni, pamoja na habari za ndoa ya mwenyekiti, anasengenya. Wala wanawake wasione haya kusimama katika mikutano hiyo. Suratul Mujadila inaanza kwa kutueleza kuwa Mwenyezi Mungu amesikia kauli ya mwanamke aliyekuja kumjadili Mtume (SAW) juu ya mumewe. Ikiwa shitaka lake lilisikilizwa juu ya mbingu saba, lishindweje kusikilizwa chini ya mwembe wa ofisi ya mtaa?

Adabu za kutia saini

Sasa turudi kwa ndugu yetu mwenye karatasi mkononi. Asitie saini kabla ya kujiuliza mambo haya.

Kwanza, je, ninalijua jambo hili mwenyewe? Aya ya 6 ya Suratul Hujurat inatuamrisha kuhakikisha habari, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Saini ni ushahidi. Andika uliloliona, na usilolijua liache kwa anayelijua.

Pili, je, kiongozi huyu amenasihiwa? Mtume (SAW) ameifanya nasaha kuwa ndiyo dini, na akawataja viongozi miongoni mwa wanaostahiki kunasihiwa. Wazee wawili watatu waende kwake baada ya Isha, wamweleze kwa upole. Wengi hurekebika hapo. Anayeshupaa baada ya hapo amejikatia udhuru.

Tatu, je, kosa ni lake? Mfereji wa maji machafu unaofurika huenda ni kazi ya mamlaka nyingine. Maghorofa yanayochipua Upanga kila mahali palipokuwa na nyumba ya chini, vibali vyake havitoki kwa mwenyekiti wa mtaa. Tunakumbuka Ijumaa ya Machi 29, 2013, jengo lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi lilipoanguka, na wakafa watu 36, wakiwamo watoto waliokuwa wakicheza jirani. Tunakumbuka pia jengo lililoanguka Kariakoo Novemba 16, 2024. Wajibu wa kiongozi wa mtaa ni kupaza sauti anapoona hatari. Akipaza asisikilizwe, lawama si yake. Akiona akanyamaza kwa kuwa amefumbwa mdomo kwa bahasha, hapo ndipo penye khiyana.

Nne, je, ninamkataa kwa haki au kwa chuki? Upanga ni mtaa wa watu mchanganyiko: Waafrika na wenye asili ya Kihindi na Kiarabu, Sunni na Shia, Waislamu na Wakristo na Mabaniani, wa chama hiki na wa chama kile. Suratul Maida, aya ya 8, inatukataza chuki zetu kwa watu zisitupeleke kwenye kutofanya uadilifu. Anayetia saini kwa sababu mwenyekiti si wa kabila lake, si wa madhehebu yake au si wa chama chake, ametia saini dhulma hata kama tuhuma zilizoandikwa juu ya karatasi ni za kweli, kwani Mwenyezi Mungu anaiangalia nia yake.

Tano, je, nitahudhuria? Hili ni donda letu. Saini tunatia, lakini siku ya mkutano mmoja yuko dukani Kariakoo, mwingine harusini, mwingine amelala. Akidi haitimii, mwenyekiti anacheka. Mkutano wa mtaa ndiyo shura iliyobaki mikononi mwetu, na Suratush Shura, aya ya 38, imewasifu waumini kwa kushauriana katika mambo yao. Asiyehudhuria kusomewa mapato na matumizi asishangae yasiposomwa.

Wanaoondolewa, na sisi tunaochagua

Anayekataliwa na watu wake ajifunze kwa Khalid bin Walid (RA), jemadari asiyejua kushindwa, ambaye Umar alimwondoa katika uongozi wa jeshi la Sham. Khalid alibaki katika jeshi lile lile, akapigana chini ya Abu Ubaida (RA) kama alivyopigana akiwa juu. Nasi majirani tusimfanye mkewe ashindwe kwenda sokoni, wala watoto wake wakachekwa madrasa. Kosa la baba halirithiwi. Aliyekataliwa Jumapili ni jirani yako Jumatatu, na haki ya ujirani haiondolewi kwa kura.

Mwisho, tujiangalie sisi wenyewe. Mtume (SAW) amewalaani mtoa rushwa na mpokea rushwa pamoja. Nchi yetu iliwahi kuwa na sheria iliyoruhusu takrima katika uchaguzi, mpaka Mahakama Kuu ilipoibatilisha mwaka 2006. Sheria imeondoka, lakini sahani ya pilau na doti ya khanga bado vinazunguka usiku wa kuamkia kura. Aliyeinunua kura yako anajua kuwa ameshakulipa, na mtu hadai mara mbili bidhaa aliyokwisha kuiuza. Namna gani utamwita mkutanoni akupe hesabu?

Basi jawabu la muulizaji wetu ni hili. Ikiwa unalijua jambo, umenasihi na hukusikilizwa, kosa ni la kiongozi huyo na nia yako ni haki, tia saini, hudhuria, sema kweli, piga kura, kisha kubali watakaloamua wengi. Hilo si fitina wala si usengenyaji, bali ni amana imedaiwa na mwenyewe. Na ikiwa huna moja katika hayo, zuia mkono wako, kwani kalamu ya karatasi ile si peke yake inayoandika.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu (SW) atupe viongozi wenye nguvu na uaminifu, atupe ujasiri wa kusema haki na uadilifu wa kutoizidisha, autakase mji wetu na nyoyo zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.